Salamu Kutoka Uvunguni mwa Gari

Nilipohamia Bariadi kuwa dereva wa ofisi ya mifugo, jambo la kwanza ambalo wenzangu walilijua kunihusu ni kwamba siwashi gari kabla sijalizunguka. La pili ni kwamba nikiwa nalizunguka sisemezeki. Walijaribu. Walinyoosha saa zao mbele ya uso wangu, walipanda na kufunga milango kwa kishindo ili nielewe kwamba wako tayari. Mimi nilikuwa bado niko kwenye tairi la nyuma, nabonyeza, natazama, nagonga nati moja moja kwa spana huku nikisikiliza mlio wake. Nati iliyokaza hulia kama chuma. Iliyolegea hulia kama bati.

"Dada, huku ni tambarare," daktari wetu wa mifugo aliniambia wiki ile ya mwanzo. "Gari likigoma linasimama lenyewe. Si kama huko kwenu milimani."

Kwetu ni Lushoto. Barabara ya kupanda kwetu ina mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, na aliyejifunza udereva kule hahitaji kuhubiriwa juu ya breki. Lakini daktari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwenyeji wa Bukoba, mwenye mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na alikuwa na haraka ya asili. Hata chai aliinywa akiwa amesimama. Tulizoeana: yeye akasema "twende, twende," mimi nikasema "bado, Daktari," na siku ikaanza.

Gari lenyewe lilikuwa lile watu waliitalo mkonga, zile ndefu za milango miwili nyuma, zenye bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo. Lilikuwa limekula barabara za Simiyu miaka mingi kabla yangu. Rangi yake ya zamani ilikuwa nyeupe, vumbi likaifanya ya chai ya maziwa. Nililipenda. Lilikuwa limeinuka vya kutosha kiasi kwamba ningeweza kujilaza kwenye kipande cha boksi na kujisukuma mpaka uvunguni bila jeki, na kule chini ndiko gari husema ukweli. Juu linaweza kuoshwa likang'aa. Chini, kama linavuja, linavuja.

Wakati huo nilikuwa na mchumba. Alikuwa mwalimu wa sekondari Nyalikungu, pale Maswa. Tulijuana kwenye harusi ya mhasibu wetu, aliponifuata kuniuliza kama kweli mimi ndiye ninayeendesha lile gari refu, maana amewahi kupishana nalo na hakuamini macho yake. Nikamwambia nimewahi kupishana na mwalimu mmoja juu ya baiskeli isiyo na breki, na mimi pia sikuamini macho yangu. Mambo yakaanzia hapo.

Wazazi wake walikaa nje kidogo ya Mwanhuzi, upande wa Meatu, na walikuwa wafugaji. Mpango ulikuwa nikatambulishwe pamba ikishauzwa, watu wakiwa wametulia. Mchumba wangu alinifundisha kila kitu kwa uangalifu wa mwalimu. Nitapiga magoti kumsalimia baba yake. Nitainamisha macho. Sitampa mkono, wala sitakaa alipo akila. Nitavaa kitenge kirefu na nitajifunga kingine juu yake. Nilifanya mazoezi chumbani kwangu, nikapiga magoti mbele ya kabati nikisema "Mwangaluka, baba" kwa sauti nyembamba, mpaka mama mwenye nyumba akaniuliza kupitia dirisha kama nimeokoka.

Lililotokea ni kwamba baba huyo hakusubiri pamba.

Asubuhi moja nilikuwa uvunguni. Safari ya siku hiyo ilikuwa ndefu: kupeleka chanjo ya ng'ombe Mwanhuzi, tukipitia Maswa kushusha kasha moja ofisini kwao. Nilikuwa nimevaa ovaroli la bluu na buti, kichwani nimejifunga kitambaa kuukuu. Nilikuwa nimeshapima oili na maji, nimegusa mkanda wa feni, na sasa nilikuwa chali, namulika tochi upande wa ndani wa matairi, ule upande ambao mtu aliyesimama hauoni kamwe.

Nikaona miguu. Ilikuja polepole kutoka getini, ikasimama karibu na tairi la mbele. Ilikuwa imevaa makatambuga, viatu vile vinavyokatwa kutoka kwenye tairi lililokufa, na pembeni yake ilichomekwa ncha ya fimbo.

"Mwangaluka, kijana," sauti ikasema juu yangu.

"Mwangaluka, baba," nikajibu. Nilikuwa nimebana tochi kwa meno, kwa hiyo sauti ilitoka nzito.

"Mhola?"

"Mhola duhu."

Akaridhika. Nikasikia akishusha pumzi na kukaa juu ya jiwe moja kati ya yale ninayowekea matairi. Watu wengi hupita ofisini kwetu na habari za ng'ombe wao vichwani, huyu anataka dawa, yule anataka kibali. Nikadhani ni mmoja wao. Nikaendelea kumulika.

"Namtafuta dereva wa hapa," akasema. "Nimeambiwa ni msichana."

"Yupo, baba."

"Wa Tanga."

"Ndiyo, wa Lushoto."

"Ni mtu wa namna gani?"

Swali hilo lilinifanya nitoe tochi mdomoni. Mtu anayetafuta dawa ya kupe haulizi dereva ni mtu wa namna gani.

"Kwani wewe, baba, unatokea wapi?"

"Mimi ni mzee tu, natoka Meatu. Nilikuja Ngulyati kwa dada yangu, amepata mjukuu. Nikasema nikiwa karibu hivi, nipite nimwone kwa macho yangu. Kijana wangu anafundisha Nyalikungu. Anataka kumuoa huyo dereva."

Spana iliniponyoka ikanigonga kifuani.

Nilikuwa na mafuta mpaka kwenye nyusi. Kitenge changu kilikuwa kimekunjwa sandukuni, kinasubiri pamba. Nilijua jinsi ya kupiga magoti, lakini hakuna aliyenifundisha jinsi ya kupiga magoti nikiwa nimelala chali chini ya gari la serikali. Nikafanya kilichowezekana: nikabaki palepale.

"Umeumia?" akauliza.

"Hapana, baba."

"Basi niambie. Wewe unafanya naye kazi. Ni mtu mzuri?"

Nilifikiri. Kujisifu ni aibu, na kujisengenya ni ujinga. "Ni mtu wa kawaida," nikasema.

"Anakimbiza gari?"

Hapo niliweza kujibu kwa moyo mweupe. "Huyo? Hakimbizi. Watu wa hapa wanamlalamikia kwa kuchelewa."

"Anachelewa anafanya nini?"

"Anakagua gari kwanza. Matairi, breki, taa, kila kitu. Mpaka aridhike."

Nikaona fimbo ikichora chora mavumbini.

"Mimi sijali kwamba anatoka mbali," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayezungumza na mwenzake, si ya kuhoji. "Mke wangu ndiye analala anageuka. Anasema mwanamke wa usukani, leo yuko huku kesho yuko kule, atamjua mumewe saa ngapi? Na barabara zenyewe hizi. Tumeshazika vijana, wewe. Pikipiki, malori. Anasema tutamzika na huyu, halafu tubaki na mtoto wetu analia. Ndiyo maana nimekuja. Nataka nirudi na neno la kumpa."

Nikasahau kuogopa. Nilikuwa nimewaza miezi yote kwamba watanikataa kwa kuwa si Msukuma, au kwa kuwa nimevaa suruali. Sikuwaza kwamba kuna mama huko Mwanhuzi, ambaye hajawahi kuniona, anakosa usingizi akihofia nitakufa barabarani.

Nilitaka kumwambia kitu kizuri. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, lakini hapo hapo mlango wa ofisi ukafunguliwa, na viatu vya daktari, vinavyong'aa kama kawaida, vikaja mbio mbio.

"Dada! Bado uko chini tu? Barafu inayeyuka huku! Shikamoo, mzee. Dereva wangu huyu atanitia kichaa, tangu alfajiri yuko uvunguni."

Mzee hakuitikia. Makatambuga yake hayakusogea.

Nikajisukuma nje. Miguu ilitangulia, kisha tumbo, kisha uso wenye mafuta, na palepale juu ya kipande cha boksi nikageuka, nikapiga magoti, nikainamisha macho.

"Mwangaluka, baba," nikasema, sasa kwa ile sauti nyembamba ya mbele ya kabati.

Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, amevaa koti la suti juu ya msuli. Alikuwa amegeuza uso kutazama ukuta, kama heshima inavyotaka. Mabega yake yalianza kutikisika. Nilidhani anakohoa. Kumbe alikuwa anacheka, kicheko cha mtu anayejitahidi kutocheka, na kilipomshinda alikaa tena juu ya jiwe na kujifuta macho kwa kona ya koti.

"Mtu wa kawaida," akasema. "Haya. Mtu wa kawaida. Inuka, ng'wanone, mwanangu, utachafua magoti. Ingawa sijui kama kuna mahali pamebaki."

Daktari alitutazama mmoja baada ya mwingine. Nilipomweleza kwa kifupi, akampa mzee mkono kwa mikono miwili. Kisha, kwa kuwa alikuwa na haraka ya asili, akasema, "Vizuri sana, hongereni. Sasa twende."

"Bado, Daktari," nikasema.

Kwa sababu kabla mzee hajafika nilikuwa nimekiona kitu. Tairi la nyuma la kushoto, ubavuni, upande wa ndani, lilikuwa na mpasuko wa urefu wa kidole. Kwa nje tairi lilikuwa zuri kabisa. Nilimwita daktari ainame aone. Aliinama nusu, akilinda suruali.

"Hako kadogo," akasema. "Katatufikisha Mwanhuzi. Tutabadilisha tukirudi."

"Hakatatufikisha. Tukiacha lami, jiwe moja tu linatosha."

"Tutakwenda polepole."

"Daktari, nikiendesha na tairi hili nitakuwa naliwaza tairi, siiwazi barabara."

Mzee aliinuka. Alipita nyuma ya gari, akainama bila kujali koti lake, akaingiza mkono na kupapasa mpasuko kwa kidole gumba. Hakuwa anajua gari, na alisema hivyo. "Gari silijui. Lakini makatambuga ninayajua, na hata fundi wa makatambuga asingelichukua tairi hili." Kisha akamgeukia daktari kwa upole mwingi. "Mwanangu, ng'ombe wetu wamesubiri tangu masika. Watasubiri kidogo."

Daktari akavua saa yake, akaiweka mfukoni, akakunja mikono ya lile shati la pasi. Nikiri kwamba sikuwahi kumwona hivyo. Alilisukuma tairi la spea mwenyewe kutoka nyuma mpaka lilipohitajika, likampitia kwenye ncha ya kiatu, akasema neno la Kihaya ambalo sikuomba tafsiri. Mimi niliweka jeki, nikafungua nati, nikafunga, kisha nikatoa spea nyingine stoo kwa ajili ya njiani. Mzee alizuia mawe yasiteleze, na kila nilipogonga nati aliinamisha sikio.

"Hii imelia sawa?"

"Sawa, baba."

"Na hii?"

"Ngoja niirudie, tusikilize."

Ilikuwa imelegea. Alifurahi kama mtu aliyekamata mwizi.

Zilibaki taa. Taa za breki haziwezi kukaguliwa na mtu mmoja. Siku nyingi nilikuwa nikirudisha gari karibu na ukuta nitazame wekundu, au namsumbua mlinzi. Siku hiyo nilikuwa na mtu. Nikamwomba asimame nyuma aniambie anachoona, nikapanda, nikakanyaga.

"Jicho la kushoto linaona!" akapaza sauti. "La kulia limelala!"

Nikaenda kubadilisha balbu. Nikarudi kukanyaga.

"Yote yanaona! Ngoja. Sasa la kushoto linakonyeza."

"Hiyo ni indiketa, baba. Nimeiwasha mimi."

"Basi linakonyeza vizuri."

Safari yake ya kurudi kwao ilikuwa upande uleule tunakokwenda. Daktari alianza kusema kwamba gari la serikali halibebi abiria, akaishia katikati, akamtazama mzee, kisha akatazama viatu vyake mwenyewe vilivyojaa vumbi. Akamuuliza kijiji. Mzee akakitaja. Kilikuwa kimojawapo katika vijiji tulivyokuwa tunapeleka chanjo, na njia yake ilikuwa imeharibiwa na mvua, hakuna aliyeijua vizuri. "Basi huyu ni mwenyeji wetu wa kutuonyesha njia," daktari akatangaza. "Mzee, kaa mbele." Yeye mwenyewe akapanda nyuma na makasha ya chanjo.

Nilipomfunga mzee mkanda, alitazama kifua chake kwa mshangao.

"Unanifunga kama ndama?"

"Ndiyo, baba. Usiruke."

"Mke wangu akiniona hivi," akasema, akaushika ule mkanda kwa mkono mmoja kama mtu ashikaye nishani.

Barabara ya Maswa ni lami na asubuhi ile ilikuwa tupu. Pamba ilikuwa inafunguka pande zote mbili. Sikuzungumza, kwa kuwa sikujua mkwe anaruhusiwa kuzungumza kiasi gani akiwa ameshika usukani, jambo ambalo mwalimu wangu hakulifikia katika masomo yake. Mzee naye alitazama mbele. Lakini kila nilipopunguza mwendo kwa ajili ya mbuzi, au nikasimama kabisa kumpisha mama mwenye mtungi, niliona kwa pembe ya jicho anatikisa kichwa, taratibu, kama anaweka kitu akiba.

Tuliposimama Nyalikungu kushusha kasha, nilimtumia mchumba wangu ujumbe kwamba niko mjini, atoke kidogo kama ni mapumziko. Sikumwambia zaidi. Alikuja akitabasamu tangu mbali, chaki bado mikononi, amenyoosha shingo kunitafuta nyuma ya kioo. Alipofika dirishani alimkuta baba yake, amefungwa mkanda.

Sijawahi kuona mtu mzima akirudi utotoni kwa haraka namna ile. Alirudi hatua nyuma, akaficha mikono yenye chaki mgongoni.

"Baba! Shikamoo. Umefikaje humu?"

"Marahaba. Nimepewa kazi," mzee akasema bila kucheka. "Mimi ndiye wa taa za nyuma. Na wewe, mwalimu, huyu dereva unamfahamu?"

Mchumba wangu akanitazama. Nikatazama usukani. Daktari, huko nyuma, alikuwa anacheka mpaka makasha yanagongana.

"Namfahamu kidogo," akasema kwa shida.

"Kidogo. Yeye anasema ni mtu wa kawaida. Rudi darasani, watoto wanakusubiri."

Baada ya hapo mzee aliongea njia nzima. Tuliiacha lami, vumbi likatufuata, nchi ikawa kavu zaidi na miti ikaanza kupungua. Alinionyesha alikochungia akiwa mtoto, kisima kilichokauka, mto wa mchanga ambao ng'ombe huchimba kwa kwato kutafuta maji. Mahali penye makorongo aliniambia nipite kushoto, na kweli kushoto ndiko kulikopitika. Tulipovuka mawe makali nilisikia yanagonga chini, tak, tak, nikalikumbuka lile tairi lililobaki Bariadi likiegemea ukuta. Daktari naye lazima alilikumbuka, maana alisema kutoka nyuma, kwa sauti ndogo isiyo ya kawaida yake, "Dada, umefanya vizuri."

Kazi ya Mwanhuzi ilitushika mpaka mchana ukageuka. Kisha tukaenda kwa mzee. Nilikuwa nimenawa uso na mikono, lakini ovaroli halinawiki, na nilipoona boma lao kwa mbali nilikifunga upya kitambaa changu cha kichwani. Baba nilikutana naye bila kujua. Mama huyu nilikuwa nakwenda kwake nikijua.

Alitoka kabla gari halijasimama, mwanamke mfupi mnene, mikono ina unga. Nikashuka, nikapiga magoti kwenye vumbi, nikaanza salamu yangu. Hakuisubiri imalizike. Alimtazama mumewe akihangaika kujifungua mkanda, akatazama gari, akanitazama mimi.

"Ni wewe umemleta?"

"Ndiyo, mayu."

"Mzima?"

"Mzima, mayu."

Mumewe alikuwa ameshafunguka sasa, na akaanza kumweleza kwa Kisukuma kirefu, chenye mikono mingi. Nilielewa maneno machache, lakini vitendo vilitosha: alilala chali hewani, akamulika tochi, akapapasa mpasuko, akagonga nati, akakanyaga, akakonyeza. Majirani walikusanyika kusikiliza. Daktari alisimama pembeni akiongeza maelezo pale mzee alipopunguza, na hata kwenye habari ya tairi alijisema mwenyewe bila kulazimishwa.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akanishika kiwiko, akaniinua. Hakuniambia lolote juu ya usukani wala juu ya kufa. Alivuta mkono wa ovaroli langu karibu na pua yake, akanusa mafuta, akauliza, "Hii inatoka kwa sabuni gani?"

"Ya unga, mayu, lakini uanze kwa kusugua na majivu."

"Majivu," akasema. "Sawa. Njoo ule."

Tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, mimi jikoni na wanawake, daktari nje na wanaume. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikula akiwa amekaa.

Wakati wa kuondoka nilizunguka gari, kama kawaida. Sikuwa peke yangu. Nusu ya boma ilikuwa nyuma yangu, na mzee ndiye alikuwa kiongozi wa msafara, akieleza kila tairi kana kwamba alilizaa. Nilipoinama kutazama uvunguni nilikuta macho sita yananitazama. Wanambuzi watatu walikuwa wamejilaza kwenye kivuli, mmoja ameegemea tairi kabisa. Kelele zilizopigwa pale zingeamsha Mwanhuzi nzima. Mama mkwe aliwatoa mmoja mmoja kwa kuwavuta miguu, akiwagombeza, na wa mwisho akamkumbatia kifuani akasimama naye mpaka tulipopotea kwenye vumbi.

Tulirudi salama. Jioni mchumba wangu alinipigia simu. Nilitarajia aniulize baba yake alisema nini. Badala yake alikuwa na sauti ya mtu aliyepewa adhabu.

"Baba amenipigia," akasema.

"Amesemaje?"

"Kuhusu wewe, hakuna. Amesema tu mama ameshaanza kuuliza harusi itakuwa lini. Ni kuhusu mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Amesema nijifunze kuendesha. Amesema baiskeli isiyo na breki ni aibu kwa mtu anayetaka kuoa katika nyumba yenye heshima. Amesema nikufuate wewe unifundishe, na nisikubishie."

Tukaanza Jumamosi, kwenye uwanja wa shule yao, kwa gari dogo la mwalimu mwenzake. Alikuja amevaa shati jeupe, amefurahi, akaketi moja kwa moja nyuma ya usukani na kunyoosha mkono kwenye ufunguo. Nikamgongea kioo, nikamwambia ashuke. Akashuka. Nikamwonyesha kipande cha boksi nilichokuwa nimekitandika chini, naye akalitazama shati lake, akanitazama mimi, akapima kama bado ana nafasi ya kujadiliana. Kisha akalala.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Giza," akasema kutoka chini. Halafu, baada ya kitambo, kwa sauti tofauti kabisa: "Ngoja. Hapa kuna kitu kinadondoka."

Nikapiga magoti nikampa tochi.